Glasi ya Maji Matupu Newala

Nilikwenda Newala kumsindikiza dada yangu Agnesi, na nasema kifua mbele: sijasafiri na mtu ninayejivunia kama yeye. Ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya yetu ya Lukuledi. Kisha sauti ikakwaruza, uso ukavimba, akawa anavaa sweta jua la saa saba. Walipompima damu hospitalini wakakuta tezi ya shingo imelegea, haitoi homoni ya kutosha, wakampa vidonge vya kumeza kila asubuhi. Miezi ikapita, sauti haikurudi. Majirani wakasema ni uvivu tu. "Nisipoimba tena, mimi ni nani?" aliniuliza. Tuliposikia daktari bingwa amefika Newala, tukafunga safari.

Masasi tulipita kuchukua majibu mapya ya damu. Homoni ya tezi ilikuwa bado chini. Nilimtazama dada nikitegemea machozi, yeye akanunua korosho za kukaanga.

"Twende," alisema. "Bado kuna mlima wa kupanda."

Jioni tulifika Newala, upepo wa bonde la Ruvuma ukipuliza. Tulifikia kwa Mama Hadija, rafiki wa marehemu mama yetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Poleni na safari."

Asubuhi akatuandalia chai ya maziwa na muhogo wa kuchemsha. Dada akameza kidonge chake kwa chai, kama siku zote.

Hospitalini, daktari alimpapasa shingo, akasoma majibu, akataka kuongeza dozi. Kalamu ikiwa mkononi akauliza, "Mama, dawa unaimezaje?"

"Na chai, pamoja na wenzangu. Kwetu mtu hatii kitu mdomoni peke yake asubuhi, wengine wakimtazama."

Daktari akaweka kalamu chini. "Chai na chakula vinaizuia dawa isiingie mwilini vizuri. Meza kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, ukae nusu saa au saa nzima ndipo ule. Dozi siongezi kwanza. Ukapime tena baada ya wiki kadhaa."

Kesho yake kazi ikawa kumwambia mwenyeji.

"Maji matupu?" Mama Hadija alishtuka. "Nimekukosea nini, Agnesi? Watu watanisema."

Dada, ambaye hajawahi kumpinga mkubwa, alipiga magoti. "Mama, ukinipa maji haya utakuwa umenitibu."

Newala, huko juu mlimani, maji ni adimu, hayachezewi. Mama Hadija aliyamimina taratibu, akampa, kisha akafunika chupa ya chai, na kikombe changu akakiondoa mbele yangu.

"Basi tutasubiri wote," alisema. "Huli peke yako, na hutazamwi."

Nilisubiri, tumbo likinguruma, nikiwa na furaha tele.

Tuliporudi Lukuledi tuliendelea hivyo hivyo kwa miezi. Nilijifunza kwamba adabu yetu haikuwa adui wa dawa. Ilihitaji kusogezwa mbele kidogo tu, nyumba nzima pamoja.

Jumapili iliyopita Agnesi alianzisha wimbo kanisani. Sauti ilikwaruza mwanzoni, kisha ikapanda hadi kwenye mabati. Nilisimama kabla ya wakati wa kusimama. Wakaniambia nikae, sikukaa.