Koti la Mzee Masatu

Mkiwa na mimi pale mtaani Nyasho, mama mmoja wa Guta akapita na kapu lake akanisalimia "shikamoo Mzee Masatu," tafadhali msicheke kabla sijawaeleza, maana jina langu ni Magesa, na huyo Mzee Masatu mimi nilimkuta ameshazikwa. Hii aibu hakuniletea mtu. Niliifuata kwa miguu yangu mwenyewe, tena nikiwa mwalimu mwenye cheti, na ndiyo maana hainitoki.

Ilikuwa ile miaka ya vijiji vya ujamaa, nami nimepangiwa shule ya kijiji upande wa Guta, kijana bado, kichwa kimejaa mchezo mmoja tu wa kuigiza. Kule sekondari padri mmoja Mzungu alikuwa ametuchezesha mchezo wa kwao wa zamani sana, wa mfalme aliyekufa, ndugu yake akakalia kiti chake na kumchukua mjane, halafu mzimu wa mfalme unarudi kudai. Tulivaa suruali za gunia zilizopakwa rangi, maneno nusu yake hatukuyaelewa, lakini ule mzimu ulinikaa mwilini. Tangu hapo niliuona kila mahali: kwenye ngonjera, kwenye vichekesho vya redioni, hata walevi wakisimuliana kilabuni, lazima kuna mtu amekalia kiti cha mwenzake na mwenye kiti anakuja. Basi wilaya walipotangaza kwamba wageni watakuja kuona kijiji, Mkuu wa shule akaniambia niandae mchezo, nami nikauchukua ule wa padri nikauvika ujamaa: mfalme akawa mtemi, ndugu yake akawa mnyonyaji anayeficha pamba ya wenzake, na mzimu (msinicheke hapa pia) ukawa sauti ya umma.

Mzimu nilijipa mwenyewe, nani mwingine angeuweza? Kwenye mazoezi nikajitanda shuka jeupe kama tulivyofanya sekondari, nikatokea kwa madaha, na wachezaji wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Mwalimu, huyo ni mgonjwa wa hospitali," akasema Wambura, mpiga ngoma wetu. "Huku mtu akifa harudigi na shuka. Anarudigi na nguo zake."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza. Jirani yangu alikuwa Bibi Nyangeta, mjane wa huyo Mzee Masatu, na kila alipoingia mgeni sebuleni kwake alikutana na koti la marehemu ukutani, koti refu la kijeshi ambalo mzee alirudi nalo kutoka kwenye vita vya Wazungu. Nje kulikuwa na kaburi, na juu ya kaburi mbwa wake, ambaye tangu mazishi alikuwa hanyanyuki pale ila kwa kunywa maji. Na kwenye zizi kulikuwa na mbuzi wa Mafuru, mdogo wake marehemu, ambaye aliwaleta tangu kaka yake alipolala kitandani kwa ugonjwa, na sasa alikuwa akingoja ukoo ukae kikao tu achukue nyumba pamoja na Bibi ndani yake. Bibi hakumtaka. Alishaniambia wazi, "Yule alikuwaga ananiita mchawi mbele ya mme wangu. Niishi naye vipi?" Kijiji kizima kilijua habari hiyo, na mimi nilijua, na bado mimi msomi sikuona kwamba mchezo wangu ulikuwa unafanana na nyumba ya jirani yangu chumba kwa chumba.

Nikaenda kuomba koti. Bibi akanitazama kwa muda mpaka nikaanza kujikuna.

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa, Bibi. Ni kwa ajili ya mchezo tu."

"Sawa, mwanangu. Utalivaa wakiwepo watu. Nitakuletea mwenyewe."

Nikatoka nikijisifu kwamba nimezungumza naye vizuri.

Siku yenyewe tulipanga mabenchi mbele ya ghala la pamba. Ilikuwa alasiri, mawingu meusi yamepanda kutoka ziwani, upepo umekoma, na watu wamejaa, wageni mbele, wazee wa ukoo wa Masatu pembeni, Mafuru miongoni mwao. Nyuma ya ghala Bibi akanivika koti na kunifunga vifungo kimoja kimoja. Lilinuka ugoro na zizi. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, likanivuta bega la kulia chini, na nilipoanza kutembea nikajikuta naburuta mguu wa kushoto (nilijiambia ni pindo la koti linanikwaza). Nikaingia jukwaani hivyo hivyo.

Nilitegemea kelele. Palikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mtoto ananyonya. Kisha nikaona kitu kinapenya kati ya watu: mbwa, yule wa kaburini, anakuja taratibu, akapanda jukwaani, akanusa pindo la koti na kulala miguuni pangu. Nikakohoa, na mimi sivuti ugoro wala sikuwa na mafua, lakini kikohozi kilinitoka kirefu, kikavu, cha mtu mzima sana, na mwanamke mmoja akaanza kulia. Nilitakiwa kumwambia mnyonyaji, "Umma unakuona!" Sentensi fupi hiyo, niliyoiandika mwenyewe, ikapotea kabisa. Badala yake mkono wangu ukanyooka, ukampita mwigizaji kwenye kiti, ukaenda mpaka pembeni kwa wazee, nami nikasema kwa sauti ya kukwaruza ambayo siijui:

"Mdogo wangu, fungua mbuzi zako, uende."

Mafuru alisimama, akakaa, akasimama tena. Bibi Nyangeta akatoka kwenye watu na kibuyu cha maji, akapiga magoti, akaniambia polepole, "Umerudi. Kunywa." Padri alikuwa ametufundisha kwamba mchezo ukiharibika mwigizaji asisimame, aendelee tu, basi nikaendelea: nikanywa mpaka chini. Wazee wa ukoo wakavua kofia. Mgeni wa wilaya akapiga makofi peke yake, akasema huyu mwalimu ana kipaji.

Mkuu wa shule akanivuta nyuma ya ghala, jasho linamtoka. "Magesa, wewe una akili? Kwa ukoo huu, anayevaa nguo ya marehemu mbele yao na mjane akampa maji akanywa, ndiye ameshika nyumba. Neno lake ni neno la marehemu mpaka mali igawanywe." Nikamwambia nilikuwa naigiza. "Na maji je," akaniuliza, "uliyaigiza?"

Mafuru alifungua mbuzi wake jioni ile ile. Mimi nikabaki Mzee Masatu. Watoto wa darasani waliniamkia shikamoo babu, vikongwe walinipisha njia, na nilipokwenda Butiama kwa akina Wakuru, msichana niliyekuwa nimemposa, baba yake alinipa kiti kwa heshima zote na kuniuliza, "Mzee Masatu, huyo mkeo wa Guta hajambo?" Nilimsikia Wakuru anacheka ndani. Nilimpenda sana yule msichana, na kicheko hicho ndicho kitu cha mwisho nilichopata kutoka kwake.

Ukoo ulipokaa, nikakalishwa katikati na koti langu, nikasema Bibi abaki kwenye nyumba yake na asisumbuliwe, wakaitikia, nikalivua. Nilimrudishia Bibi likiwa limekunjwa, nikamuuliza kwa hasira kama alijua tangu mwanzo.

"Nilijua habari ya kuvaa na ya maji," akasema. "Nisamehe, mwanangu. Sikuwa na mtu mwingine." Akalitundika ukutani. "Lakini yale maneno ya mbuzi, alikufundisha nani? Mme wangu aliyasema asubuhi ile anakata roho. Tulikuwaga wawili tu chumbani."

Nikatoka nikipita mbali na kaburi. Nimefundisha michezo mingi tangu hapo, na mizimu yangu yote huvaa shuka jeupe la dukani, jipya, na watu wakicheka nawaacha wacheke. Mimi mwenyewe jukwaani sipandi tena, kwa sababu mara ya mwisho nilipojaribu, kabla sijafungua mdomo, nilianza kukohoa.