Kijana wa Bustani Aliyengojwa na Aama

Enzi zetu mtu hakusema anakwenda kutazama televisheni. Alisema, "Naenda kwa Mzee Margwe," na kijiji kizima kilielewa. Ilikuwa miaka ile mkoa wa Manyara ungali mpya, na huku kwetu milimani Mbulu wazee wakiulizwa wanatoka mkoa gani walikuwa bado wanajibu Arusha. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Wanunuzi wa vitunguu swaumu walikuja wenyewe na malori yao hadi shambani, na Mzee Margwe, jirani yetu, akageuza mavuno ya msimu mmoja kuwa televisheni ndogo yenye chogo, ya nyeusi na nyeupe, iliyotumia betri ya gari.

Jumapili jioni, ng'ombe wakishaingia zizini, tulinawa miguu matope yakatoka, tukaamkia wakubwa mmoja mmoja, tukakaa sakafuni juu ya magunia. Chumba kilinuka moshi, masweta mabichi na mahindi ya kuchoma. Nje kulikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu huo alisimama Kaka Safari, mtoto mkubwa wa Mzee Margwe, ameshika mlingoti wa mkaratusi uliofungwa antena.

"Hapo?"

"Bado chenga! Zungusha!"

"Hapo?"

"Umepitiliza, wewe! Rudisha!"

"Basi njooni mshike nyie, mimi nikae kwenye joto!"

Vijana wa leo picha ikikwama kidogo wanatukana mtandao. Sisi mtandao wetu ulikuwa na jina, ulitetemeka kwa baridi, na tulilazimika kuupelekea chai.

Mimi nilikuwa na kazi maalumu. Nilimtafsiria Aama. Aama ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kiiraqw, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Nilikaa karibu na goti lake nikamnong'oneza kila neno. Niseme ukweli, kazi hiyo ilinitia hofu kuliko mtihani wowote. Hata leo, mimi niliyejifunza kuandika peke yangu kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa maandazi, bado ninaandika kama mtu aliyekaa pembeni ya goti lile akiogopa kukosea.

Aama alikuwa mtazamaji mkali. Msomaji wa habari, kijana mwenye tai, alipotusalimu "Hamjambo watazamaji," Aama alinuna. "Huyu mtoto haoni kwamba kuna watu wazima humu? Shikamoo yake iko wapi?" Lakini mpelelezi wa ule mchezo wa kila wiki, Aama alimpenda tangu siku ya kwanza. Sisi tulimwita Inspekta. Alivaa koti refu katikati ya joto la Dar es Salaam, na Aama akatamka kwa kuridhika, "Huyu angalau anajua baridi. Lazima mama yake ni wa huku."

Basi ikafika Jumapili ya mkufu. Mkufu wa dhahabu ulikuwa umeibwa katika nyumba ya tajiri. Inspekta akawakusanya wote sebuleni, akatembea mbele yao taratibu, kisha akanyoosha kidole kwa Sudi, kijana wa bustani. Sudi hakujitetea. Alifunga nguo zake ndani ya shuka, akatoka getini, na picha ikabaki kwenye mgongo wake.

Chumba kililipuka. "Nilisema! Yule macho yake hayatulii!" "Wewe ulisema mpishi!" "Mpishi nilisema wiki iliyopita!" Kaka Safari aliacha antena akachungulia dirishani kuuliza nani amekamatwa, picha ikapotea, akafukuzwa arudi kwenye ukungu.

Aama alisimama. Akaielekea televisheni kama mtu anayemwelekea mgeni aliyekosa adabu, akasema kwa Kiiraqw, "Ulimwona akichukua? Kama hukumwona, mbona umemtaja?"

Watoto tulianza kucheka. Wakubwa hawakucheka. Baba aliinamisha kichwa, na Mzee Margwe akaanza kukoroga chai iliyokwisha korogwa.

Wakubwa walijua, na nasi tulikuwa tumesikia nusu nusu. Kabla sijazaliwa, Baba mdogo Boay, mtoto wa mwisho wa Aama, alichunga ng'ombe wa Mzee Margwe. Dume moja likapotea. Mbele ya mkutano wa kijiji Mzee Margwe akamtaja Boay kwamba ameliuza. Baba, kaka yake, alikuwepo, akanyamaza. Boay aliondoka akashuka tambarare za Hanang, akaishi na wafugaji upande wa Dirma. Baadaye dume lilikutwa limekufa, limetumbukia korongoni. Watu wakasikitika, wakasema basi, mambo yameisha. Ila kwetu hayaishi hivyo. Neno la wizi likimwangukia asiyehusika, aliyelitamka ndiye anayekwenda kulichukua, kwa miguu yake, na kondoo na kibuyu cha pombe ya asali. Mzee Margwe hakwenda. Aibu huwa nzito, na kila msimu uliopita uliiongeza uzito. Ujirani ukaendelea, salamu zikaendelea, na Aama akaendelea kuingia nyumba ile na kukalia kiti alichopewa, bila kulitaja jina la mwanawe.

Wiki iliyofuata Aama aliwahi kuliko sisi sote. Alikuwa amevaa shuka lake la kanisani.

Inspekta aligundua kosa lake. Mwizi alikuwa shemeji wa tajiri, mwenye suti na tabasamu. Alipofungwa pingu tulipiga makofi, Kaka Safari akapiga mluzi huko nje bila hata kuona kitu. Tajiri akampa Inspekta mkono, wakanywa soda. Muziki ukalia, majina yakaanza kupanda.

Aama hakupiga makofi. Alinigusa bega. "Na yule kijana?"

Nilitazama majina yanavyopanda kana kwamba Sudi angetokea katikati yake. "Sijui, Aama."

"Waulize."

Nikauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo. Mzee Margwe akajibu kwa upole, "Mama, mchezo umeisha. Mwizi amepatikana."

"Mwizi nimemwona," Aama akasema, safari hii kwa Kiswahili chake cha sokoni, ili asitafsiriwe na mtu. "Mimi nauliza kijana. Nani amekwenda kumwambia arudi?"

"Pengine wiki ijayo wataonyesha, Mama," Baba akasema.

"Sawa. Nitangoja."

Sijawahi kuomba kama nilivyoomba wiki hiyo. Wenzangu waliomba mvua isinyeshe kwenye mpira. Mimi niliomba watu wa Dar es Salaam wamkumbuke Sudi. Nilitunga hata kichwani Kiiraqw nitakachotumia, jinsi Inspekta atakavyovua koti, atakavyosema pole.

Jumapili ikaja na kesi mpya kabisa. Mgeni amekufa hotelini, Inspekta anachunguza glasi. Bustani haikuonekana, wala nyumba ya tajiri. Nilitafsiri glasi, nikatafsiri hoteli, sauti yangu ikizidi kufifia, hadi Aama akaniwekea mkono kichwani ninyamaze. Akasimama, akajifunga shuka.

"Kumbe hata huko hawaendi," akasema, akatoka.

Mzee Margwe alinyanyuka akaizima televisheni, kesi ikiwa katikati. Alisema betri inaisha. Hakuna aliyebisha, ingawa Kaka Safari aliendelea kuuliza kutoka gizani, "Hapo? Hapo je?"

Kabla ya Jumapili nyingine Mzee Margwe alikuja kwetu asubuhi na kondoo. Hakuingia ndani. Akamwambia Baba, "Twende. Mimi nilisema, wewe ulinyamaza. Twende wote." Wakapanda basi la kuelekea Hanang, kondoo amefungwa juu ya keria, kibuyu kikiwa mapajani mwa Baba. Kutoka barabarani walitembea vumbini hadi Dirma.

Walirudi wawili. Baba alimsimulia Aama jikoni, nami niliyasikia. Boay aliwapokea vizuri. Alimchinja kondoo, akanywa pombe, akawaita wenyeji wake washuhudie Mzee Margwe akilirudisha neno lake. Ila walipomwambia twende nyumbani alitikisa kichwa. "Neno mmelichukua, nashukuru. Miaka je? Hiyo nani ataibeba?" Alikuwa na mke huko, na ng'ombe, na watoto.

Alikuja mara moja, baada ya mavuno, na wanawe wawili. Waliinama wakampa Aama kichwa awaguse, wakasema shikamoo. Aama akaanza kuwazungumzisha kwa Kiiraqw, wakamtazama tu. Wao walizungumza lugha ya wafugaji wa tambarare. Ikabidi bibi na wajukuu watumie Kiswahili, ambacho hakuna aliyekifahamu vizuri, na Aama akawauliza yale tu aliyoweza kuyauliza: mmekula? mvua ipo? ng'ombe wazima? Walipoondoka alikaa mlangoni muda mrefu. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ningeweza kusaidia kutafsiri. Lakini lugha yao hata mimi sikuijua. Msimu uliofuata tulimzika Aama.

Siku hizi kila mmoja ana televisheni yake mfukoni. Vijana wanatazama kipindi huku wakikikimbiza, na wengine wanasoma kwanza kwenye maoni nani kaua, ndipo waanze. Juzi nilitazama mchezo mmoja mpya wa kipelelezi. Mpelelezi hana koti, ana kompyuta. Dereva wa familia alitajwa mbele ya watu, akaondoka akilia, na muda si mrefu muuaji akapatikana, mtu mwingine kabisa. Niliandika chini yake: Na dereva je? Kijana mmoja akanijibu, "Acha kutuchosha mzee, ishaisha hiyo." Mzee! Mimi ambaye ndevu bado zinanitafuta.

Baba mdogo yupo hai, Dirma. Zamani kumfikia ilikuwa safari ya siku nzima, na wazee wawili waliojaa aibu waliifanya. Sasa bodaboda zinafika hadi mlangoni kwake, na namba za wanawe ninazo. Kila sikukuu ninawaandikia salamu. Ninaisoma, ninaona neno moja halijakaa sawa, ninalibadilisha, linaharibu jingine, nalibadilisha hilo nalo. Sikukuu inapita, na salamu haijaondoka.