Kabati ya workshop niliyojenga bila gundi, baada ya oil chafu kuniaibisha

Wakuu, salamu kutoka Kiplombe, hapa Eldoret. Ninayosimulia nimeyafanya kwa mikono yangu hii, na malengelenge bado yapo. Anayebisha apitie aone.

Kazi yangu ni kurekebisha cherehani. Ndiyo, mimi ni mwanamke, na sina muda wa kueleza hilo.

Workshop yangu ilikuwa na kabati ya chipboard. Si mnajua mvua ya huku? Chipboard ikanywa maji ikavimba, misumari ikalegea.

Siku moja shelf ikaachia, cherehani ya mteja wangu Mama Chebet ikaanguka kwa cement na kupasuka. Yeye hushona uniform za shule, na hiyo mashine ndiyo inalisha watoto wake.

Nilimpa yangu ya spare, lakini akaacha kuniletea kazi. Akawaambia na wenzake. Wateja wakapungua mpaka nikaogopa nitafunga.

Nikaamua kabati ingine naunda mwenyewe.

Nikachagua mbao nene za cypress. Wengi hukosea hapa: wananunua mbao mbichi sawmill, wanapiga misumari siku hiyo hiyo, halafu zinajikunja. Mimi nilizipanga kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite, nikangoja miezi mitatu. Kuzilinda nayo ilikuwa kazi, maana mama mkwe akiziangalia anaona kuni tu.

Zilipokauka nikachonga maungio yote. Kisha nikafanya ile kitu sisi wote hufanya: nikazipaka oil chafu ya gari, mchwa wasiguse. Kila mahali, hadi ndani ya maungio! Halafu ndio nikatia gundi.

Kesho yake asubuhi nikavuta kidogo tu, shelf ikang'oka ikabaki mkononi.

Gundi na mafuta wapi na wapi?

Baba Joy, mume wangu, alicheka mpaka akakaa chini. "Umeipaka mafuta kama mtoto anaenda kanisa!" Wacha nisidanganye, niliskia uchungu. Karibu nilie.

Basi nikasema hii kabati itasimama bila gundi. Nikakata ncha za shelf upya, nikaacha ulimi mrefu kila upande. Nikatoboa mbavu za kabati kwa patasi, ulimi ukapita hadi nje, na kila ulimi nikaufunga kwa kigingi cha blue gum. Kabati ilipungua upana, sawa. Lakini sasa uzito unakaa kwa mbao yenyewe, si kwa msumari.

Baba Joy akapanda shelf ya kati. Huyo si mtu mdogo, jameni. Haikutoa hata sauti!

Wiki iliyopita Mama Chebet akaingia. Hakucheka na mtu. Akashika kabati kwa mikono miwili akaitikisa, akainama akakagua vigingi kimoja kimoja. Akatoka nje, akarudi na ile cherehani niliyompa, imefungwa kwa leso.

Akaiweka mwenyewe, shelf ya juu kabisa.

"Nitaichukua Ijumaa," akasema.

Wakuu, nilitembea workshop nzima nikijiangalia kama bibi harusi.

Nilichojifunza: kausha mbao, acha maungio yabebe mzigo, na oil ije mwisho kabisa. Mafundi wa humu, nyinyi mnatumia mbao gani? Semeni tu. Lakini anayekuja kunifundisha gundi aje na kabati yake, Baba Joy apande zote mbili.