Wiki Niliyoishinda Kaizen

Naomba nikiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa wenzangu. Mimi ni msimamizi wa ubora katika kiwanda kidogo cha mtindi hapa Sokon One. Pakiti nyingi zilikuwa zinapasuka wakati wa kufungasha, basi meneja akataka tujaribu njia mbili kwa wiki moja. Mashine ya kwanza ingefuata Kaizen, yaani wafanyakazi wenyewe warekebishe kidogo kidogo kasoro wanazoziona. Ya pili ingefuata njia yangu niliyofundishwa kwenye semina: pima kila kitu, chora grafu, ndipo uamue.

Wiki nzima niliinamia kompyuta pembeni ya mashine yangu. Pakiti zilizopasuka zikapungua siku hadi siku, nami nikaanza kutembea kifua mbele. Ijumaa, mbele ya wakubwa wote, nilieleza kwa nusu saa jinsi vipimo vilivyoleta nidhamu. Hata neno "kisayansi" nililitumia, tena si mara moja.

Meneja akamgeukia Mama Kaaya, mfungashaji wa mashine yangu. "Shikamoo mama. Hivi vipimo vilikusaidiaje?"

"Marahaba, baba. Vipimo mimi sivijui," alijibu kwa upole. "Jumatatu tuliona wenzetu wa Kaizen wameinua meza kwa matofali, pakiti zisianguke kwa kishindo. Na sisi tukainua yetu. Huyu kijana tulimwomba asogeze miguu tuweke tofali. Akasogeza, ila macho hakuinua."