Mchora Katuni Aliyepanga Kumuua Dada Kengele

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla chai haijachemka, mwanamke wa miaka sitini na minne ametumbukiza mkono wake wa kulia katika beseni la maji ya uvuguvugu. Anauacha humo dakika kumi, kisha anaufuta kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama anayemfuta mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Mezani kuna karatasi nene, kichupa cha wino mweusi na kalamu ya nibu ambayo mpini wake umechongwa upya mara tatu. Karatasi imegawanywa kwa rula katika visanduku vinne. Vitatu vina picha tayari. Cha nne ni kitupu.

"Humo ndimo atakamofia," anamwambia mgeni wake, mwandishi wa gazeti, kwa sauti ya mtu anayeonyesha mahali pa kuweka kabati.

Anayetakiwa kufa ni Dada Kengele, mkunga wa katuni ambaye kwa miaka thelathini na moja amewafikia kina mama kila mwezi akiwa juu ya baiskeli. Amezalisha watu kwenye foleni ya benki, juu ya paa wakati wa mafuriko, na siku moja mahakamani, hakimu akiwa ameshika taa. Muda wote huo hajazidi umri wa miaka ishirini na saba.

Anayemchora, majirani wanamwita Mama Kengele. Ndiye mwanamke wa kwanza nchini mwake kuendesha maisha kwa kuchora vitabu vya katuni. Baiskeli yenyewe hajui kuipanda.

"Nilijaribu mara moja nikaishia mtaroni," anasema. "Nikasema basi, bora niwe naichora."

Alipokuwa na miaka ishirini na miwili aliajiriwa kufagia katika kiwanda cha uchapaji. Vipande vya karatasi vilivyokatwa pembeni mwa majarida vilikuwa takataka kwa wengine, lakini yeye alivikusanya ndani ya aproni na kuvichora saa ya chakula. Miaka minne baadaye mwenye kiwanda aliokota kimoja. Alijikuta yeye mwenyewe, amelala kitini mdomo wazi, nzi akichungulia ndani.

"Nikajua kibarua kimeota nyasi," anakumbuka. "Yule mzee akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniuliza kama naweza kuchora vita."

Vita aliviweza. Tatizo, kwa maelezo ya mwenye kiwanda, ni kwamba hakuna kijana angetoa pesa yake kununua ngumi zilizochorwa na mwanamke. Kwa hiyo katuni zikatoka katika jarida lake kwa jina la kubuni la Babu Kalamu. Kwa ukurasa mmoja alilipwa nusu ya alicholipwa mchoraji wa kiume wa jarida hilohilo. Hali hiyo ilidumu miaka saba.

Babu Kalamu alipendwa. Barua zilimiminika, na mojawapo ilitoka kwa mjane aliyeandika kwamba mwanamume mwenye akili namna ile hapaswi kuzeeka peke yake, na kwamba yeye ana nyumba na mbuzi. Mume wa mchoraji, fundi seremala mwenye maneno machache na utani mwingi, aliisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya ndugu wote.

"Mume wangu," alimwambia mkewe, "umeposwa. Nami nitakwenda wapi?"

Walicheka sana. Lakini Mama Kengele anakiri kwamba alipobaki peke yake alilia, kwa sababu ile ilikuwa barua nzuri kuliko zote alizowahi kupata, na haikuwa yake.

Ndipo akamchora Dada Kengele. Katika hadithi ya kwanza kuna mama aliyeshikwa na uchungu upande wa pili wa daraja lililokatika. Kurasa kumi na tano za hadithi hiyo alizipeleka kiwandani. Ya kumi na sita aliiweka chini ya mto wa kiti, akaikalia.

"Nikamwambia mwenye kiwanda, mtoto amezaliwa au hajazaliwa, najua mimi. Weka jina langu juu, nikuletee ukurasa. Alifoka, akanuna, akaniita mkaidi. Mimi huyo, kimya. Siku ya tatu akaja hapa nyumbani, kofia mkononi."

Jina lake likachapwa juu ya jalada. Waliobashiri kwamba jarida lingedoda waliumbuka, kwani kutoka nakala elfu tatu kwa mwezi lilifika elfu kumi na moja kabla ya mwaka kwisha.

Mistari ya visanduku, tangu siku ya kwanza, hupigwa na mumewe. Mkewe na rula ni paka na panya. Kuna mwezi mmoja mume aliambiwa apige visanduku vitano, akapiga sita, maana mtoto wao alikuwa anaota meno na hakuna aliyekuwa amelala. Karatasi nyingine haikuwapo. Mama Kengele akakijaza kile kilichozidi kwa baiskeli tupu iliyoegemezwa ukutani, bila mtu wala neno.

Wasomaji waliandika kwamba picha ile iliwagusa kuliko hadithi yenyewe. Tangu hapo kila hadithi ina kisanduku kimoja kilicho kimya.

"Wasomi wamekuja kunieleza maana yake," anasema mchoraji. "Nawaacha waseme. Maana yake ni kwamba mume wangu hajui kuhesabu."

"Najua," sauti inajibu kutoka jikoni. "Nilikuwa nakupa zawadi."

Mtetemeko ulianza miaka miwili iliyopita, na aliutambua kwenye kope. Kope za Dada Kengele ni mistari saba myembamba kila jicho, na siku hiyo zilitoka kama zimepigwa na upepo. Daktari alimwambia kuna dawa ya kuupunguza, ya kuuondoa hakuna. Zamani alimaliza kurasa mbili kwa siku. Sasa anamaliza kisanduku kimoja, asubuhi tu, baada ya maji ya uvuguvugu.

Mhariri wa sasa ni binti wa watu aliyejifunza kusoma kwa kumfuata Dada Kengele. Wazo la kutafuta mkono mwingine hakutaka kulileta kwa simu. Alikuja mwenyewe, akakaa ukingoni mwa kiti, akaeleza kwa upole kwamba yupo kijana wa kiume mwenye kipaji, anayeweza kumchora mkunga yule bila msomaji kugundua.

"Nilimwambia, mwanangu, nilianza kwa jina la mwanamume. Sitamaliza kwa mkono wa mwanamume."

Uamuzi wake ukawa mmoja: Dada Kengele afe, afie kwenye mkono uliomzaa. "Nikimwacha hai, siku nikifumba macho watamkabidhi mtu mwingine. Bora nimzike mwenyewe." Mhariri alikubali kwa shingo upande. Hadithi ya mwisho ni ya kurasa kumi na sita, na zinatakiwa mwisho wa mwezi huu.

Siri haikukaa. Muuza mboga wa kona ya barabara alimngoja asubuhi moja, mikono kiunoni.

"Mama, mimi nilijifungua peke yangu chumbani, namuwaza yeye tu, nafanya alivyokuwa akisema. Leo unataka kumuua? Ukimuua, nyanya zangu usizitazame!"

Mama Kengele akapita na kikapu kitupu. Wiki mbili sasa ananunua nyanya mtaa wa tatu, na magoti yanamuuma.

"Watu wanadhani sina huruma," anasema, akichovya nibu. "Nalia, tena sana. Ila machozi yanaharibu wino. Kwa hiyo nalia kwanza, nachora baadaye."

Anainama juu ya kisanduku cha nne. Dada Kengele amelala kando ya mto uliofurika, baada ya kuwavusha mama na kichanga. Mkono unatulia. Nywele zinatoka vizuri, kisha paji la uso. Mumewe amesimama nyuma yake na kichupa cha rangi nyeupe ya kufutia makosa.

Kwenye shavu, mkono unaruka. Mstari mwembamba unatoka pembeni mwa jicho na kuteremka ukitetemeka hadi karibu na kidevu.

Mumewe anafungua kichupa. Mkewe anamshika kiganja.

"Ngoja."

Anautazama mstari ule kwa muda mrefu. Jikoni chai inafurika na kuzima moto, hakuna anayekwenda. Kisha anachovya tena nibu na kuongeza mstari mwingine pembeni mwa mdomo, safari hii akiuacha mkono utikisike utakavyo. Anaongeza wa tatu chini ya jicho. Macho, ambayo yalipaswa kufumbwa, anayachora wazi, na kope anaweka nne tu badala ya saba.

"Mtazame," anamwambia mumewe.

Mzee anavaa miwani. "Anafanana na mama yako."

"Mama yangu alifika miaka tisini."

Halafu Mama Kengele anaomba simu. Inambidi abonyeze namba mara mbili, kidole kikikosea.

"Mwanangu," anamwambia mhariri, "hafi."

Upande wa pili sauti inauliza: kama hafi, anafanya nini?

"Anazeeka. Mpe kurasa nne kwa mwezi, zaidi ya hapo siwezi. Baiskeli ataisukuma, hataipanda. Atakuwa anachelewa, na wajukuu wa wale aliowazalisha watamcheka. Nina hadithi nyingi." Anasikiliza. "Unalia nini sasa? Sema nne zipo au hazipo."

Zipo. Anarudisha simu, anaketi, machozi yanamtiririka kabla hajaiweka karatasi mbali, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi haonekani kujali wino. Anapanga kumaliza kurasa mbili zilizobaki za hadithi hii mwezi huu, kisha aanze toleo jipya, la mkunga mwenye miaka sitini na minne.

Mumewe amekwisha kuchukua rula. Mgeni anauliza kama haogopi kwamba mkono utazidi kutetemeka.

"Utazidi," anajibu Mama Kengele. Anaugeuza juu chini, anautazama bila kuuonea haya. "Mkono huu msichana haumwezi tena. Lakini bibi kizee, mwanangu, unamchora vizuri kuliko mkono wowote."