Bibi Alifutwa Forodha

Kompyuta ya hapa kafe ikipata joto hunuka plastiki na vumbi. Naunda ukurasa wa kwaya ya shule yetu, nabandika nyimbo, na harufu hiyo inanipandisha hasira ya tangu sijajua kusoma.

Mimi na baba tulikuwa tunarudi kutoka Malawi na redio kaseti mpya, nayo ikipata joto ilinuka hivi hivi. Ndani mlikuwa na kanda: bibi mzaa mama ameimba wimbo wa kumbembelezea mdogo wangu mchanga, maana mama alikuwa mzazi, hakuweza kusafiri.

Pale mpakani Kasumulu afisa forodha, tumbo limemtangulia, akauliza, "Mzee, hii kitu inafanya kazi?"

"Inafanya, bosi."

"Tuone." Akairudisha kanda mwanzo, akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi. "Haloo! Moja, mbili! Hapa forodha!" Akapiga mluzi, akakohoa, akawaita wenzake nao wakaimba mpaka wakachoka.

"Humo yumo bibi!" nikapiga kelele.

"Dogo, bibi yako ataenea humu?" Wakacheka.

Baba, simba wa nyumbani kwetu, akanifinya. "Ugwe, nyamaza!" Kisha akamwambia yule mharibifu, "Ndaga, bosi." Eti asante!

Nyumbani Kyela mama akamweka mtoto kifuani, akawasha redio. Ukatoka mluzi. Kikatoka kikohozi. Akasikiliza mpaka kanda ikaisha.

"Baba watoto," akasema taratibu, "hawa ni nani? Na mama yangu mmemwacha wapi?"