Mashine ya Goti Niliyomvalisha Baba wa Mke Wangu

Admin, nifichie jina, na mtaa usiutaje. Wanangu, mimi ni mzee wa miaka sabini na mitatu, naishi Tabora na mke wangu tuliyeoana enzi za Ujamaa. Kuna jambo nimemficha miaka yote hiyo.

Nilikuwa mwanafunzi wa ufundi. Siku zile kila kitu kilikuwa kujitegemea, mwalimu akataka tubuni vitu vya kuwafaa watu. Nikatengeneza mashine ya goti: vyuma viwili, mikanda ya ngozi, na mota ya waipa za kioo cha lori bovu, inayokunja na kunyoosha mguu kwa betri. Mikanda alinishonea fundi viatu mmoja wa mtaani, mtu mpole mwenye goti bovu. Akakubali kuivaa wa kwanza. Binti yake ndiye mke wangu.

Siku mbili kabla ya maonyesho ya kazi zetu, swichi iliganda. Nikazima, mota ikaendelea kuzunguka mpaka nikachomoa waya. Kesho yake tena. Sikumwambia mtu. Mgeni wa serikali alikuwa anakuja, nami nilitaka kuonekana.

Siku yenyewe, mzee yule fundi viatu alikunja na kunyoosha mara mbili, watu wakapiga makofi. Mara ya tatu mguu ulinyooka ukapitiliza. Akawa anabonyeza swichi iliyokuwa kiunoni mwake. "Haizimi, mwanangu! Haizimi!" Nilipoufikia waya, goti lilikuwa limeshalia na kuvunjika. Hakutembea tena bila magongo mpaka anaingia kaburini. Walipouliza, nikasema alibonyeza vibaya. Mwenyewe hakunipinga. Mpaka leo mke wangu husema, "Baba naye alikuwa na pupa."

Sasa mjukuu wetu anasomea uhandisi, anaunda mashine kama ile. Aliniuliza, "Babu, ya kwako iliharibikia wapi?" Nikamjibu vilevile, aliyevaa alikosea. Akaandika kwenye daftari. Juzi kaja nayo. Swichi ni moja tu, tena ameiweka mbali na mvaaji. "Nitaishika mimi, Babu, asije mtu akaharibu kama yule mzee."

Nikamwambia aongeze njia nyingine ya kukata umeme. Akashangaa. "Ya nini, wakati swichi yako haikuwa na tatizo?" Mke wangu alikuwa hapo hapo, akinisubiri nijibu. Nikasingizia swala, nikatoka.

Jumamosi anamfunga bibi yake mashine hiyo gotini. Bibi mwenyewe ana furaha, kashawaambia majirani.

Leo Alhamisi. Nikifungua mdomo, mke wangu atajua nani alimlemaza baba yake na kumwachia lawama. Nyie mngekuwa mimi, mngemwita nani kwanza, na mngeanza na neno gani?